WhatsApp inaingia lakini tovuti hazifunguki: je, ninunue rauta mpya?

Swali: Fundi, habari za kazi. Ninakaa Walukuba, Jinja, na kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuwasilisha ritani zao za kodi. Nyumbani tuna rauta ya 4G inayotumia laini ya simu. Simu nne na kompyuta yangu zote zimeshika waifai yake. Kwa wiki tatu sasa, ikifika mchana WhatsApp inaingia vizuri, lakini nikifungua tovuti ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, au nyingine yoyote naambiwa anwani ya seva haikupatikana. Nikizima rauta na kuiwasha, inakaa sawa saa moja au mbili, kisha yanarudi yaleyale. Fundi wa mtaani amesema rauta imekufa, ninunue nyingine kwa laki mbili na nusu. Tarehe 15 inakaribia na nina ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za watu. Ninunue?

Jibu: Nzuri, dada. Nakuomba hiyo laki mbili na nusu ikae mfukoni kwanza. Rauta iliyokufa haipitishi WhatsApp. Hiyo yako inapitisha, kwa hiyo ina uhai, na kinachokusumbua kina uwezekano mkubwa wa kuondoka bila kununua chochote. Nimeshaona nyumba nyingi hapa Jinja na Kampala zikinunua rauta ya pili, hata ya tatu, kwa ugonjwa ambao haukuwa wa rauta, na kila mara inaniuma, kwa sababu kuupima ni kazi ya dakika kumi.

Kabla ya kupima, angalia bando. Usinifikirie vibaya kwa kuanzia hapo. Kwetu Uganda watu wengi hununua bando za mitandao ya kijamii, na ukiwa na bando la WhatsApp peke yake, au bando la kawaida limeisha likabaki hilo, utaona jambo lilelile unalolieleza: ujumbe unaingia na kutoka, tovuti zote kimya. Piga namba ya kuangalia salio kwa laini iliyo ndani ya rauta, si kwa laini ya simu yako. Rauta nyingi zinakuonyesha ujumbe wa laini ukiingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Zikikataa, toa laini uiweke kwenye simu, uangalie, uirudishe. Ila ukiniuliza, sidhani kama ni bando, kwa sababu bando likiisha, kuzima na kuwasha rauta hakuwezi kukurudishia tovuti kwa saa mbili. Angalia tu ili tulitoe njiani.

Sasa twende kwenye kiini. Kompyuta zinapozungumza hazitumii majina. Zinatumia namba. Ukiandika ura.go.ug, kompyuta yako haijui huko ni wapi mpaka imuulize mwingine: jina hili namba yake ni ngapi? Anayeulizwa ni seva ya majina, na mfumo mzima unaitwa DNS. Zamani mtandao ulipokuwa mdogo, orodha ya majina yote ilikuwa faili moja iliyotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila mwenye kompyuta aliinakili kutoka huko. Mtandao ukakua, faili ikashindwa kwenda na kasi, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS ili kazi igawanywe: wanaosimamia .ug wajibu ya .ug, na URA ijibu ya kwake. Mpaka leo tunatumia mfumo huohuo.

Fikiria umepanda boda pale Main Street, pikipiki ni nzima, petroli imejaa, barabara ni safi, ila dereva hajui mahali ulipotaja na hamna wa kumuuliza. Hamtafika. Lakini kama mngekuwa mmeshaianza safari tangu asubuhi na njia ameshaijua, asingekuwa na haja ya kuuliza. Ndivyo ilivyo WhatsApp. Ikishafungua njia yake kwenda kwa seva zake huishikilia, na namba ilizokwisha kuzipata inazikumbuka. Kivinjari, kinyume chake, huhitaji majina mapya kila wakati. Ukurasa mmoja tu wa gazeti unaweza kuuliza majina kumi, ishirini au zaidi: ya gazeti lenyewe, ya picha, ya matangazo. Kwa hiyo majina yakigoma, kivinjari ndicho kinachoanguka kwanza, na mtu husema intaneti imekatika wakati intaneti ipo. Kilichokatika ni anayejibu majina.

Tuthibitishe. Sharti langu moja: tatizo likitokea tena, usizime rauta. Ukiizima unafuta ushahidi. Keti kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika kwanza ipconfig na utafute mstari ulioandikwa "Default Gateway". Namba iliyo mbele yake ndiyo rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1, na kwa rauta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1. Kisha andika amri hizi moja moja, ukiweka namba ya rauta yako kwenye ile ya kwanza:

ping 192.168.8.1
ping 8.8.8.8
nslookup ura.go.ug
nslookup ura.go.ug 1.1.1.1

Ya kwanza inauliza: rauta, upo? Ikijibu mara nne, waifai yako ni nzima. Ikikosa kujibu, tatizo liko kati ya kompyuta na rauta, na ukiona kompyuta yako imejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba anwani kwa rauta ikanyimwa, ikajibunia yake. Hapo kweli rauta au waifai ina kasoro.

Ya pili inatoka nje ya nyumba bila kutumia jina lolote. 8.8.8.8 ni seva ya majina ya umma ya Google, iko kazini tangu Desemba 2009, na namba yake ni rahisi kukumbuka. Ikijibu, laini yako inafika duniani. Ikigoma na ya kwanza imejibu, mara nyingi tatizo ni laini, bando au kampuni yako ya mtandao, na hapo rauta mpya haitasaidia kitu.

Ya tatu na ya nne ndizo ninazokutakia uziangalie kwa makini. Ya tatu inamuuliza yule anayejibu majina nyumbani kwako kila siku. Ya nne inauliza jina lilelile, lakini kwa seva nyingine kabisa, 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2018. Kama ya tatu itakaa kimya kisha iandike "DNS request timed out", na ya nne ikupe namba papo hapo, basi umemkamata mhusika. Laini nzima, tovuti ipo, URA haina kosa. Aliyelala ni seva ya majina unayoitumia. Tazama na juu ya jibu la amri ya tatu, palipoandikwa "Server" na "Address". Ukikuta hapo namba ileile ya rauta yako, aliyelala ni rauta yenyewe.

Nami nadhani ndicho utakachokikuta, na sababu ni hii. Rauta hizi ndogo huziambia simu na kompyuta zote za nyumbani: ukitaka majina niulize mimi, nitakuulizia. Ndani yake kuna kiprogramu kidogo kinachopokea maswali na kuyapeleka kwa seva za kampuni. Kumbukumbu yake ni ndogo. Simu nne, kompyuta, labda na runinga, zote zinauliza mchana kutwa, na kiprogramu kinafika mahali kinakwama huku sehemu nyingine ya rauta, ile ya kupitisha data, ikiendelea kama kawaida. Pengine pia laini imejiunga upya na mnara na kampuni imeipa seva mpya za majina, lakini kiprogramu bado kinauliza zile za zamani. Ukizima na kuwasha, kinaanza upya na kichwa chepesi, na saa mbili baadaye kinakwama tena. Huo ndio ugonjwa wako neno kwa neno.

Dawa yake ni kuiondolea rauta kazi hiyo. Fungua kivinjari na uandike namba ya rauta mahali pa anwani ya tovuti. Hapo halihitajiki jina, kwa hiyo patafunguka hata majina yakiwa yamelala. Jina la kuingilia na nenosiri viko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya rauta. Tafuta ukurasa wa DHCP, yaani wa kuvigawia vifaa anwani, kwa kawaida uko ndani ya mipangilio ya LAN, mtandao wa ndani ya nyumba. Utaona nafasi mbili za DNS, ya kwanza na ya pili. Weka 1.1.1.1 ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili, hifadhi, kisha zima waifai kwenye kila kifaa na uiwashe ili kipokee maelekezo mapya. Kuanzia hapo simu na kompyuta zitaenda kuuliza zenyewe moja kwa moja, bila kupitia kiprogramu kilichochoka.

Kuna rauta zinazogawiwa na kampuni ambazo nafasi hizo zimefungwa au hazionyeshwi. Basi fanya hivyo kwenye kompyuta peke yake: kwenye Windows 11 ingia mipangilio ya mtandao, chagua waifai unayotumia, na pale kwenye ugawaji wa seva za DNS badilisha iwe ya mkono, washa IPv4, andika namba zilezile. Kwa kazi yako ya ritani hiyo inatosha, hata simu za watoto zikiendelea na shida. Kisha rudi kwenye dirisha jeusi uandike ipconfig /flushdns, ili kompyuta isahau majibu mabovu iliyokuwa imeyahifadhi.

Ikiwa hata amri ya nne imekataa ilhali ping 8.8.8.8 inajibu, kuna mtandao unaozuia au kuteka maswali ya majina yanayokwenda nje. Hapo washa DNS salama ndani ya kivinjari: Chrome inayo kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Maswali yatasafiri yamefungwa ndani ya njia ileile inayotumiwa na tovuti za kawaida.

Na jibu likiwa si kimya bali "Non-existent domain", hiyo ni habari tofauti kabisa. Seva imeamka, imesikia, imejibu kwamba jina hilo halipo. Kagua tahajia. Tovuti za serikali yetu huishia .go.ug, na wateja wengi wanaokuja kwangu wameandika .gov.ug kwa mazoea ya kuona za Marekani.

Nikueleze kisa kimoja cha Mpumudde, hapa Jinja, kwa sababu kinafanana na chako mpaka mwisho halafu kinageuka. Mzee mmoja alikuwa na kompyuta aliyoinunua Kampala ikiwa imetumika. Simu zote za nyumbani zilifungua kila kitu, kompyuta haikufungua hata tovuti moja. Alikuwa ameshabadilisha rauta mara mbili, na za zamani zilikuwa juu ya kabati zimefunikwa kitambaa. Nikaandika ipconfig /all, na kwenye mstari wa seva za DNS nikakuta namba inayoanza na 10. Mtandao wa pale nyumbani haukuwa na namba ya namna hiyo. Kompyuta ile ilitoka kwenye ofisi fulani, na mtu wa ofisi hiyo aliandika seva ya majina ya ofisi kwa mkono. Miezi yote hiyo, kompyuta ilikuwa ikimuuliza mtu aliyebaki ofisini Kampala. Nikarudisha kwenye kupokea yenyewe, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Yule mzee alinyamaza kwa muda akiziangalia zile rauta juu ya kabati. Ndiyo maana siku hizi ninauliza swali hili kabla ya yote: je, ni vifaa vyote au kimoja? Ikiwa ni kimoja, iache rauta, kamata kifaa.

Kwenye kifaa kimoja kuna mambo mengine mawili ya kuangalia, na la kwanza ni letu hasa. Tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018, na zaidi baada ya Facebook kufungwa Januari 2021, simu nyingi Uganda zina VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. VPN ikiwashwa, majina yote yanaulizwa kupitia kwake. Seva yake ya bure ikijaa, simu inaonyesha waifai imeshika, lakini hakuna kinachofunguka. Wengine waliwahi kuchagua VPN iwe imewashwa daima na izuie kila kitu isipokuwepo, wakasahau. Izime, ujaribu tena, kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

La pili ni DNS ya faragha kwenye Android, inayopatikana tangu toleo la 9. Kuna maelekezo yanayozunguka ya kuandika hapo jina la seva inayozuia matangazo. Siku seva hiyo isipofikika, simu haitatafuta nyingine, itakaa tu. Rudisha kwenye kujichagulia yenyewe.

Kompyuta ya mezani iliyozeeka iangalie saa. Betri yake ndogo ya ndani ikiisha, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari kinakataa vyeti vya tovuti zote kikisema muunganisho si salama. Hilo si tatizo la majina, ila watu huliita hivyo hivyo, intaneti mbovu. Rekebisha tarehe.

Nisikupe matumaini ya uongo kuhusu DNS. Haiongezi kasi ya bando. Haitakufungulia Facebook. Wala haiwezi kitu mambo yakiharibika mbali. Nchi yetu haina bahari, data yetu nyingi inapita Busia na Malaba kwenda Mombasa na kuingia mikonga, yaani nyaya za mawasiliano, ya chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki yote ilihema, na hakuna mipangilio ya nyumbani ambayo ingesaidia. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa kinyume: kampuni ya Facebook yenyewe, mmiliki wa WhatsApp, ilikosea mabadiliko ya njia zake, seva zake za majina zikatoweka kwenye intaneti, na WhatsApp ikalala dunia nzima kwa karibu saa sita. Siku hiyo nilipigiwa simu na watu waliokwisha kuzikung'uta rauta zao mpaka zikapasuka mfuniko. Kwa hiyo muulize na jirani anayetumia kampuni nyingine. Ikiwa kwake nako hakuna, subiri.

Ukiwa ndani ya ukurasa wa rauta, badilisha nenosiri la kiwandani. Nalisisitiza hili kwa sababu unashika siri za kodi za watu. Anayeweza kuingia kwenye rauta yako anaweza kubadilisha seva ya majina, na wewe ukiandika jina la benki ukapelekwa kwenye ukurasa wake yeye. Si hadithi: mtandao wa wahalifu wa DNSChanger ulifanya hivyo kwa mamilioni ya kompyuta mpaka wahusika walipokamatwa Novemba 2011 katika operesheni ya FBI, wapelelezi wa Marekani. Ukikuta kwenye nafasi za DNS namba usiyoijua, ambayo si ya kampuni yako wala hukuiweka, shikilia kitufe cha rauta cha kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, uipange upya, uweke nenosiri lako.

Ukilazimika kupiga simu kwa kampuni, usiwaambie intaneti haifanyi kazi, maana watakujibu zima uwashe. Jaribu kwanza laini hiyo kwenye simu bila rauta; majina yakigoma huko pia, waambie hivi: "Napata jibu la ping kutoka 8.8.8.8, lakini seva yenu ya majina haijibu, na nimejaribu nikiwa na laini hii kwenye simu bila rauta." Sentensi hiyo humfanya anayepokea akupeleke kwa anayejua.

Rauta utainunua ikiwa, baada ya kuweka namba hizo, ping ya rauta yenyewe inakatika ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwake, au inajizima ikipata joto. Hata hapo jaribu kwanza adapta nyingine ya umeme yenye volti zilezile na ampea zisizopungua, kwa sababu adapta hufa mapema kuliko rauta na bei yake ni ndogo sana. Kwa tarehe 15, weka DNS kwenye kompyuta leo jioni, wasilisha ritani za watu, halafu ndipo uhangaike na rauta kwa utulivu.